Kuanza stashahada ya kompyuta bila kuwahi kumiliki kompyuta

Ndugu yangu, umesema kwamba umemaliza kidato cha sita kwa mchepuo wa HKL (Historia, Kiswahili na Kiingereza), umepata nafasi ya stashahada ya kompyuta hapa Dar es Salaam, na unahofu kwamba waliosoma PCM (Fizikia, Kemia na Hisabati) watakuacha mbali. Nilisoma kozi kama hiyo jijini humu, kisha nikawasaidia wanafunzi wa mwaka wa kwanza katika maabara, kwa hiyo nakujibu kwa niliyoyaona.

Mambo ya vifaa, mafaili na programu za ofisi utayazoea upesi. Mfumo wa namba za 0 na 1 nao haustahili hofu: kwa kuwa kila biti, yaani nafasi moja ya kuweka 0 au 1, ina hali 2 tu, baiti moja yenye biti 8 inabeba thamani 256, kuanzia 0 hadi 255.

Panapowaangusha wengi ni kuandika programu, na hapo PCM haisaidii kama unavyodhani. Katika Python, mojawapo ya lugha za kuandikia programu, utakutana na mstari jumla = jumla + namba, ambao humkwaza hata hodari wa hisabati, kwa sababu kihisabati hauwezi kuwa kweli isipokuwa namba ni 0. Kompyuta hukokotoa kwanza upande wa kulia, kisha huiweka thamani hiyo katika kigeu (jina linalohifadhi thamani) kilichoko kushoto, na thamani ya zamani hupotea. Sasa chukua daftari, anza na jumla ikiwa 0, na urudie mstari huo kwa kila namba iliyo katika range(1, 5), yaani namba zinazoanzia 1 na kuishia kabla ya 5, ukiandika jumla baada ya kila hatua: 1, 3, 6, 10. Wengi hujibu 15, kwa kuwa hawajui kwamba 5 yenyewe haimo, na kompyuta haitoi onyo lolote, kwani programu ni sahihi kisarufi.

Zoezi hilo unaweza kulifanya hata ukiwa kwenye basi la mwendokasi la Kimara. Nimewaona wanafunzi wasio na kompyuta wakiwapita wenye mashine mpya, kwa sababu walifuatilia kila mstari kwenye karatasi, ilhali wenzao walikuwa wakibadilisha alama hii na ile mpaka jibu litokee, bila kujua limetokeaje.

Kwa hiyo usikope fedha za kununulia kompyuta sasa. Tumia maabara ya chuo kwanza. Ukipata uwezo baadaye, hata iliyotumika ya Kariakoo yenye kumbukumbu kuu (RAM) ya gigabaiti 8 itatosha, ila jaribu kila kitufe na betri kabla ya kulipa.