Maswali ya Wasomaji: Albamu za Zamani kwa Masikio ya Leo

Katika toleo lililopita niliandika kwamba nimeanza kuzisikiliza upya albamu za hip hop na za roki zilizonilea, moja kila juma, kuanzia wimbo wa kwanza hadi wa mwisho bila kuruka, na kwamba iliyochuja nitasema imechuja. Barua zilizofika ni nyingi kuliko kurasa nilizopewa. Nimechagua nne, na nimezifupisha kidogo.

Ndugu Mwandishi, nina miaka 22, na kila anayejiita mjuzi wa hip hop ananiambia nisikilize Illmatic ya Nas. Nimeisikiliza mara mbili kwenye simu nikiwa ndani ya daladala na sijaona kikubwa. Midundo imepoa, na viitikio vya kuimba pamoja naye ni vichache. Je, kasoro ni ya masikio yangu, au ninyi wakubwa mmezoea kusifia tu? (Msomaji, Morogoro)

Mdogo wangu, lawama nyingi ni zetu sisi tuliokutangulia, kwa kuwa tumekukabidhi albamu pamoja na sifa zake, na mtu aliyekwisha kuambiwa kwamba pilau hii haina mfano hawezi tena kuila kama pilau. Weka kando maikrofoni tano, alama ya juu kabisa, ilizopewa na jarida la hip hop la The Source, tuanze na albamu yenyewe. Ilitoka tarehe 19 Aprili 1994, Nas akiwa na umri wa miaka 20, na yote haifiki dakika 40: utangulizi mmoja na nyimbo tisa.

Ufupi huo niliujua kwa njia isiyo ya kawaida. Kijana wa duka la kurekodi kanda aliiweka albamu nzima katika upande mmoja wa kaseti ya dakika 90, akaona zimebaki dakika tano, na kwa kuwa hakupenda mkanda uende bure akanijazia taarabu, ambayo nayo ilikatika kabla ya kumaliza ubeti wa kwanza. Wimbo wa mwisho wa Illmatic umejengwa juu ya vipande vya Human Nature ya Michael Jackson, na unapofifia sikio langu hadi leo husubiri fidla. Ila kijana yule aliniharibia jambo moja bila kukusudia. Wimbo wa tano unaitwa Halftime, yaani mapumziko ya mechi, na katika kaseti halisi ndipo upande wa kwanza unapokwisha, ukalazimika kuinuka na kugeuza. Mimi niliyekuwa na upande mmoja tu sikujua kwamba jina lile lilikuwa na kazi mpaka nilipopata nakala halisi miaka mingi baadaye.

Kuhusu midundo iliyopoa, umesikia sawasawa, lakini ndivyo ilivyokusudiwa. Katika N.Y. State of Mind, mtayarishaji DJ Premier amechukua noti chache za piano na kuziacha zijirudie kama mtu anayetembea usiku akigeuka nyuma kila hatua, na kabla ya ubeti wa kwanza Nas mwenyewe anasikika akisema hajui aanzeje. Kisha anaanza, na hapumui. Ndani ya daladala, konda akigonga bodi na redio ya dereva ikipiga mambo yake, hilo huwezi kulisikia, kwa sababu albamu hii ni ya mtu aliyesimama dirishani akiuangalia mtaa wake, nyumba za umma za Queensbridge, na inataka msikilizaji naye atulie.

Jaribu hivi: usiku, vipokea sauti masikioni, wimbo wa saba, One Love. Umeandikwa kwa mtindo wa barua kwa marafiki walio gerezani, zikiwapa habari za mtaani. Katika ubeti wa tatu barua zinakoma, na msimulizi anakutana uso kwa uso na mtoto wa miaka 12 ambaye tayari yumo katika biashara ya mtaani na anazungumza kama mkongwe. Sasa sikiliza kinacholia chini ya maneno hayo. Q-Tip aliyeutayarisha wimbo alikata kipande kutoka kwa Heath Brothers, wanamuziki wa jazi wa miaka ya 1970, na katika kipande hicho Stanley Cowell anapiga mbira, ndugu wa ile ilimba ambayo Wagogo wa Dodoma huipiga kwa vidole gumba. Kwa miaka nilidhani ni kinanda cha umeme. Siku nilipotambua ni chuma kinachokwanguliwa kwa ukucha, wimbo ulinigeukia ukawa mwingine.

Wala sikulazimishi kuipenda yote. One Time 4 Your Mind, kwa maoni yangu, ni wimbo wa kujazia, na ndio pekee ninaolazimika kujizuia nisiuruke.

Mwanangu, mimi ni mpenzi wa roki tangu enzi za santuri. Nashangaa unaweka hip hop meza moja na Led Zeppelin. Hawa wanachukua nyimbo za watu, wanazikata na kufoka juu yake. Huo si wizi? (Mzee wa Tanga)

Shikamoo, mzee wangu. Yuko jaji aliyekubaliana nawe neno kwa neno. Desemba 1991, mahakama moja ya New York iliamua kesi ya mfokaji Biz Markie, aliyetumia kipande cha wimbo wa Gilbert O'Sullivan bila kibali, na jaji Kevin Duffy akaifungua hukumu yake kwa amri ya Biblia: Usiibe. Albamu ikaondolewa madukani, na tangu siku hiyo kila sampo, kama watayarishaji wanavyokiita kipande kilichokatwa, imekuwa na mwanasheria nyuma yake.

Lakini, mzee wangu, mfano uliouchagua unakugeuka. Whole Lotta Love, unaofungua albamu ya pili ya Led Zeppelin ya mwaka 1969, ulibeba maneno ya Willie Dixon, mtunzi wa bluzi, kutoka katika wimbo ambao Muddy Waters alikuwa ameurekodi miaka kadhaa kabla. Dixon aliwashtaki mwaka 1985, wakamalizana nje ya mahakama, na jina lake likaongezwa miongoni mwa watunzi. Niliirudia albamu hiyo mwezi uliopita na bado inanitetemesha kifua. Gitaa la Jimmy Page halikupungua uzito kwa sababu ya deni hilo, wala deni halikupungua kwa sababu ya gitaa.

Kinachonifanya niwaweke meza moja ni kazi ya mikono. Mashine ya SP-1200, iliyotoka mwaka 1987 na kutumiwa na Pete Rock na Large Professor, ambao wote wamo katika Illmatic, ilikuwa na nafasi ya kuhifadhi sauti ya takriban sekunde 10 tu, zote kwa jumla. Ili kubana nafasi, watayarishaji waliizungusha santuri ya mizunguko 33 kwa dakika kwa mwendo wa mizunguko 45, wakairekodi ikiwa inakimbia, kisha wakaipunguza kasi ndani ya mashine, na ule ukwaruzo mzito unaotokea hapo ndio ukageuka kuwa ladha yenyewe. Mtu anayefanya hivyo usiku kucha ili apate ngoma moja iliyokaa sawa simwiti mvivu, ingawa nakubali kwamba mwenye santuri anastahili kulipwa.

Na bei yake imekuwa kubwa. Albamu ya kwanza ya kundi la De La Soul, 3 Feet High and Rising ya mwaka 1989, ambayo hata jina lake limechezea wimbo wa Johnny Cash, ilijaa vipande vingi kiasi kwamba kwa miaka haikuweza kuwekwa kwenye majukwaa ya kusikiliza muziki mtandaoni hadi tarehe 3 Machi 2023, siku chache baada ya mmoja wao, Trugoy, kufariki. Niliisikiliza siku hiyo hiyo. Nyimbo zimebaki changa. Vichekesho vya shindano la maswali kati ya nyimbo, vilivyotuvunja mbavu zamani, sasa vinachosha kufikia cha tatu.

Sisi wa Mji Mkongwe tunajivunia Freddie Mercury, lakini sijawahi kusikia Unguja ndani ya nyimbo zake. Je, ipo? Na A Night at the Opera ni albamu kubwa kweli, au ni Bohemian Rhapsody tu inayoibeba? (Msomaji, Unguja)

Dada yangu, mwimbaji huyo wa bendi ya Queen alizaliwa hapo kwenu tarehe 5 Septemba 1946 akiitwa Farrokh Bulsara, mtoto wa wazazi Waparsi. Akapelekwa shule ya bweni Panchgani, India, angali mdogo, na familia ikahamia Uingereza mwaka 1964 baada ya Mapinduzi. Utoto wake wa Unguja ulikuwa wa vipande. Watu hupenda kulishika neno Bismillah linaloimbwa katikati ya Bohemian Rhapsody na kulifanya ushahidi. Ni kweli kwamba mtoto aliyekulia Unguja hahitaji kufundishwa neno hilo, lakini ndani ya dakika hiyo hiyo kuna Galileo, Figaro na shetani, kwa hiyo mimi nalichukua kama iliki ndani ya chai: inanukia, ila huwezi kusema chai yote ni iliki.

Swali lako la pili ndilo lililonitesa juma zima. Albamu hiyo ya Queen ilitoka Novemba 1975, na ukiisikiliza yote utaona kuwa haifanani na yenyewe: inaanza kwa matusi makali kwa meneja wa zamani, inapita kwenye mizaha ya majumba ya burudani ya Kiingereza, inaingia utabiri wa gharika wa zaidi ya dakika nane. Mizaha hiyo, hasa Seaside Rendezvous, naistahimili tu. The Prophet's Song, ndio huo utabiri wa gharika, nilikuwa nikiiruka zamani. Sasa nangoja ile sehemu ya katikati ambapo sauti ya Mercury inarudishwa kwa kuchelewa ili aimbe kwa kupokezana na mwangwi wake mwenyewe, ingawa bado naona ingetosha nusu yake.

Ninachokirudia ni Love of My Life. Brian May, mpiga gitaa wa Queen, alitaka kinubi, na kwa kuwa hakuwa mpigaji wa chombo hicho alirekodi kodi moja, yaani noti kadhaa zinazolia pamoja, akakaza nyuzi zilizolegea, akarekodi ya pili, hivyo hivyo hadi mwisho. Ukijua hilo huwezi kuacha kuzisikia zile kodi kama shanga zilizotungwa moja moja. Na upo wimbo '39 wa May huyo huyo, kuhusu wasafiri wa angani wanaorudi wakiwa wameongeza mwaka mmoja huku waliowaacha wamezeeka na kufa; mtunzi wake alikuja kupata shahada ya uzamivu katika fizikia ya nyota mwaka 2007. Nyimbo mbili hizi zingeweza kuibeba albamu hata kama Bohemian Rhapsody ingepotea. Huo wenyewe nimeusikia mno; ninachoweza kusifu bado ni ile kwaya, ambayo ni watu watatu tu, Mercury, May na Roger Taylor, waliorekodi sauti zao juu ya sauti zao hadi utepe, kama wenyewe walivyosimulia, ukachakaa na kuanza kupitisha mwanga.

Nitajie albamu mbili tu, moja ya hip hop na moja ya roki, za kusikiliza mwisho wa juma hili. (Msomaji, Kampala)

Zilitoka siku moja, tarehe 24 Septemba 1991: The Low End Theory ya A Tribe Called Quest na Nevermind ya Nirvana.

Ya kwanza inakua kila ninapoirudia. Besi imewekwa mbele kama msemaji, na katika Verses from the Abstract anayeipiga ni Ron Carter mwenyewe, aliyekuwa katika bendi ya Miles Davis, mpiga tarumbeta wa jazi. Ya pili, nakiri, imenipungukia. Ngoma zimesuguliwa zikang'aa mno, na Kurt Cobain, mwimbaji wa Nirvana, mwenyewe alikuja kulalamika hivyo. Lakini usiache wimbo wa mwisho, Something in the Way, ambao aliuimba akiwa amelala kwenye kochi katika chumba cha mitambo, kwa sauti ndogo ya karibu kunong'ona, halafu ikaongezwa fidla kubwa ya sauti nzito.

Ukiisikiliza kwenye sidii, punguza sauti wimbo huo unapokwisha. Baada ya ukimya wa dakika kama kumi kuna kelele ndefu iliyofichwa, ambayo haikutajwa kwenye jalada. Mimi nilikuwa nimepitiwa na usingizi nikidhani sidii imekwisha, na aliyeniamsha hakuwa Nirvana, bali mama mwenye nyumba akigonga mlango kwa mwiko.