Kabla mama hajalazwa kwenye mashine ya CT, mfundishe kutoa pumzi

Mama yangu amekaanga samaki kwa kuni hapa Tanga zaidi ya miaka 30, samaki wenyewe akiwafuata alfajiri pale soko la samaki la Deep Sea. Sigara hajawahi kuonja. Alipoanza kupumzika mara tatu njiani kabla ya kufika nyumbani, sote tukasema ni uzee. Zamani aliwahi kutibiwa TB akapona, na kila akikohoa sana tuliambiwa imerudi.

Kipimo cha kupuliza kilionyesha njia zake za hewa zimebana: hewa aliyoitoa katika sekunde ya kwanza haikufika asilimia 70 ya yote aliyopuliza. Ila kipimo hicho kinajumlisha mapafu yote mawili, hakisemi ni sehemu gani imechoka. Daktari akaagiza CT ya kifua, yaani eksirei ya mashine inayoonyesha mapafu kipande kwa kipande, picha mbili: moja mama akiwa amejaza pumzi, nyingine akiwa ameitoa yote.

Mara ya kwanza tuliharibikiwa, kwenye hospitali ambayo sitaitaja. Mama kalala, mikono juu ya kichwa, mlango ukafungwa, mashine ikaanza kumwamuru kwa Kiingereza. Akadhani anaambiwa atulie. Akaendelea kupumua, akakohoa, picha ikatoka na ukungu. Ile ya kutoa pumzi haikupigwa kabisa, na pesa tulishalipa.

Kwa hiyo nikamfundisha kitandani, jioni baada ya jioni. "Jaza, mama. Jaza tena. Zuia." Nahesabu hadi 10. Hiyo aliiweza. Kutoa ndiko kulikomshinda. Anatoa nusu, anaona amemaliza. Nikamwambia apulize kama anavyopulizia kuni mbichi zilizogoma kuwaka, mpaka tumbo liingie ndani. Akaelewa papo hapo, nami nikanyamaza kidogo, maana moshi wa kuni hizohizo ndio uliotufikisha pale.

Mazoezi hayo yana maana kubwa. Kwenye CT kila sehemu ya picha hupewa namba: maji husomeka 0 na hewa tupu −1000. Pumzi ikiwa imejaa, sehemu zinazosomeka chini ya −950 huhesabiwa kuwa zimeliwa na emfisema, yaani kuharibika kwa vifuko vidogo vya hewa vya mapafu. Ikishatolewa, pafu zima hunywea na kuwa jeupe zaidi. Sehemu inayobaki nyeusi, chini ya −856, imenasa hewa. Mgonjwa asipojaza au asipotoa sawasawa, hesabu hizo zinapotosha.

Mara ya pili nilimwomba mtaalamu wa mionzi amwelekeze mwenyewe kwa Kiswahili. Alikubali bila shida: "Haya bibi, toa yote." Kila picha ilichukua sekunde chache tu.

Daktari alituonyesha makovu ya TB ya zamani juu kulia, na mabaka meusi ya hewa iliyonaswa chini, pande zote mbili. Emfisema ilikuwa kidogo. Makohozi yakapimwa, hayakuwa na TB.

Nendeni na filamu zote za zamani, hata zilizokunjamana, na mwombe picha mpya kwenye CD. Msikubali kurudia CT bila sababu: mionzi yake ni takribani milisivati 6 (milisivati ni kipimo cha mionzi inayoingia mwilini), wakati eksirei ya kifua ni kama 0.1. Kwa kufuatilia maendeleo, mama sasa anafanya kile kipimo cha kupuliza tu. Na samaki anakaangia gesi, mlango wa uani ukiwa wazi.