Maswali ya Wasomaji: Usiku Mmoja, Bendi Ngapi?

SWALI: Shikamoo Mhariri. Sisi ni marafiki sita, mafundi na wafanyabiashara wa hapa Mwanjelwa, Mbeya. Tumekuwa tukichanga fedha kila mwezi ili tushuke Dar es Salaam kusikiliza muziki wa dansi unaopigwa jukwaani, kwa kuwa baa nyingi tunazokaa huku zinatumia spika tu. Mwenzetu mmoja ameandaa orodha ya baa saba za kuzungukia Jumamosi usiku, kuanzia Kariakoo hadi Mwenge, kila baa nusu saa. Tunapanga kupanda basi Jumamosi alfajiri ili tuokoe gharama ya kulala. Mimi nahisi baa saba ni nyingi, lakini wenzangu wananiona mwoga. Tupange vipi?
Msomaji, Mwanjelwa, Mbeya

JIBU: Marahaba. Wewe si mwoga, na nakuomba uwasomee wenzako jibu hili kabla hamjakata tiketi.

Orodha ya baa saba ingefaa kama mngekuwa mnafuata vinywaji, lakini ninyi mnafuata bendi, na bendi ya dansi haisikilizwi kwa nusu saa. Wimbo wa dansi huanza taratibu, mwimbaji akisimulia kisa chake ubeti kwa ubeti huku gitaa la rithimu likimbeba, kisha wapulizaji wa tarumbeta na saksafoni huitikia, na ndipo gitaa la solo linapochukua usukani na watu kuacha viti vyao. Usiku mzima nao huenda kwa mwendo huo huo. Mapema wanapanda vijana kupasha jukwaa moto, na waimbaji wakubwa huja baadaye, wakati ukumbi umeshajaa. Mtu anayekaa nusu saa kila mahali anaweza kuzunguka hadi alfajiri akiwa amesikia vipande vya mwanzo tu. Kwa hiyo chagueni kumbi mbili, na msizidishe tatu.

Anzeni kwa kuchagua bendi, kisha mtafute inapiga wapi wiki hiyo, kwa sababu bendi huhama kumbi na siku zake hubadilika. Pigeni simu ukumbini Alhamisi au Ijumaa, muulize bendi inapanda saa ngapi na kiingilio ni kiasi gani.

Kama ningekuwa mimi, ningeanza na moja kati ya mahasimu wawili wa jadi. Msondo Ngoma ilianza mwaka 1964 kwa jina la NUTA Jazz, ikiwa bendi ya chama cha wafanyakazi, kisha ikaitwa JUWATA, baadaye OTTU, kadiri chama chenyewe kilivyobadili jina. Mlimani Park, ambayo wengi tunaiita Sikinde, iliundwa mwaka 1978, na miongoni mwa walioijenga alikuwamo Muhidin Gurumo, aliyetoka huko huko JUWATA na ambaye miaka ya baadaye alirudi Msondo. Ndiyo maana mashabiki wa pande mbili hubishana kama ndugu waliogombania shamba moja. Msondo na Sikinde yalikuwa majina ya mitindo ya kucheza kabla ya kuzoeleka kuwa majina ya bendi, na Sikinde imetokana na ngoma ya Wazaramo, wenyeji wa Dar es Salaam na Pwani. Yafahamuni hayo kabla ya kwenda, maana mtakaa meza moja na wazee wanaokumbuka nani alipiga gitaa gani katika wimbo gani, na mazungumzo yao peke yake yanatosha kuwa sababu ya safari.

Ukumbi wa pili uwe karibu na wa kwanza. Msitoke Kariakoo kwenda Mwenge halafu mrudi Ilala. Tafuteni eneo moja, kwa mfano Kinondoni na Sinza, mlizunguke hilo. Mkifika Sinza mtasikia makondakta wakiita kituo cha Kwa Remmy, ambacho kimepewa jina la Remmy Ongala, mwanamuziki aliyetoka Kongo, akaishi mtaa huo na kufariki mwaka 2010. Ni miji michache ambayo kituo cha daladala kinamkumbuka mwanamuziki, na mimi kila nikipita pale hufurahi.

Kuhusu safari, wazo la kusafiri Jumamosi alfajiri na kuingia ukumbini usiku huo huo liacheni kabisa. Kutoka Mbeya hadi Dar es Salaam ni zaidi ya kilomita 800, kuna mlima Kitonga na mwendo wa taratibu hifadhini Mikumi, na basi litawashusha Mbezi usiku mkiwa hamjiwezi kwa uchovu. Safirini Alhamisi au Ijumaa, mlale. Tena ninyi mmezoea baridi ya Mbeya. Joto la Pwani humkausha mtu maji mwilini, na bia nne zisizokutikisa Mwanjelwa zinaweza kukulaza mezani kule. Kuleni chakula cha maana jioni kabla ya kutoka, na kila chupa ya bia ifuatiwe na chupa ya maji.

Fedha ya teksi ya kurudi itengeni mapema, akabidhiwe mmoja wenu asiyekunywa sana. Msikubali bodaboda usiku wa manane mkiwa mmelewa, hata kama nyumba ya kulala wageni ni hapo karibu.

Jambo la mwisho nalisema kwa uzito. Zamani mwanamuziki wa bendi ya chama au shirika alikuwa mwajiriwa mwenye mshahara. Leo bendi inategemea sana mlango na baa. Msisimame nje ya uzio kusikiliza bure, na mwimbaji akiwagusa, inukeni mkamtuze jukwaani kwa heshima, noti mkononi mwake au kwenye paji la uso kama ilivyo desturi. Wekeni fungu la kutuza katika mchango wenu tangu sasa, msije mkalitafuta mfukoni saa nane ya usiku.

SWALI: Mhariri, mimi na dada zangu wawili wa Kihesa, Iringa, tunapenda dansi tangu tukiwa wadogo, ila hatunywi pombe. Hata ulanzi wa nyumbani tunauonja ukiwa mtamu bado, siku ile ile uliyogemwa. Je, tutaonekana watu wa ajabu tukienda kwenye kumbi hizo bila mwanamume wa kutusindikiza?
Msomaji, Iringa

JIBU: Hapana, dada yangu. Katika kumbi za dansi utakuta akina mama wa makamo waliovaa sare za kitenge, wakicheza mstari mmoja tangu wimbo wa kwanza, na soda mezani haimshangazi mtu. Lipeni kiingilio, agizeni mishikaki na maji au soda, mketi karibu na jukwaa, kwenye mwanga. Wanaume wasumbufu hupenda kona za giza, na wahudumu huwaona upesi walio mbele.

Nawashauri muanze na bonanza la Jumapili, ambapo bendi hupiga kuanzia alasiri, familia huja na watoto, na mnaweza kuondoka mapema mkiwa mmesikia muziki wa kutosha. Tafuteni malazi mtaa ule ule wenye bonanza, na tiketi za kurudi Iringa mkate za Jumanne, ili Jumatatu muamke bila haraka.