Miaka 11 ya safu moja ya uandishi: nigeukie wapi?

SWALI: Shikamoo Mhariri. Mimi ni mwalimu wa Kiswahili, naishi Isevya, hapa Tabora. Tangu mwaka 2014 naandika safu ya uandishi katika kijarida cha kurasa nne kinachotoka kila mwezi na kusambazwa kwa fotokopi mashuleni na katika maduka ya vifaa vya ofisi. Nimekwisha kueleza alama za uandishi, upatanisho wa kisarufi, aya, insha na barua, na sasa najiona narudia yale yale. Wapo wasomaji wanaoniambia wazi kwamba hujua nitakachosema kabla hawajafunua ukurasa. Je, niifunge safu, niigeuze iwe ya hadithi na mashairi, au ipo njia nyingine? Na makala za zamani, ambazo zimepita 120, nizifanyeje?

JIBU: Marahaba, Mwalimu. Bahasha yako ilinifikia hapa Kigoma salama, na makala 24 ulizotia ndani nimezisoma zote. Safu usiifunge, wala usikimbilie hadithi. Somo la uandishi halijaisha. Aliyekwisha ni msomaji unayemfikiria unapoandika. Mwaka 2014 ulikuwa ukimwandikia mwanafunzi wa kidato cha kwanza asiyejua pa kuweka mkato, na mwanafunzi huyo, kama ameendelea kukufuata, leo ni karani, au mtendaji wa kijiji, au katibu wa chama cha ushirika cha wakulima wa tumbaku. Hata hivyo makala yako ya mwezi uliopita bado inaanza kwa maneno "Mwanafunzi mpendwa".

Kabla ya kugeuka popote, fanya hesabu ya ulichonacho. Chukua kaunta buku, upige mistari ya safu tatu: tarehe ya makala, hoja yake kwa sentensi moja, na mtu aliyekuuliza jambo hilo. Nasema hoja, sisemi mada, kwa kuwa mada hutudanganya. "Mkato" ni mada. "Mkato usitenganishe kiima na kiarifu chake" ni hoja. Katika makala 24 nilizosoma, nne zina vichwa tofauti lakini hoja ni moja, yaani kwamba aya ibebe wazo moja. Safu ya tatu nadhani itabaki tupu karibu ukurasa mzima, maana kwa miaka mingi umekuwa ukijibu maswali ya muhtasari wa masomo, si ya watu. Pale ambapo mtu alikuuliza kweli, kama yule mama aliyetaka kumwandikia barua mtendaji wa kata kuhusu mpaka wa kiwanja chake, maandishi yako yana uhai ambao sikuuona kwingine.

Mwelekeo mpya ninaokupendekezea umo katika bahasha yako mwenyewe. Makala yako ya Machi imetolewa fotokopi nyuma ya karatasi iliyokwisha kutumika, muhtasari wa kikao cha chama cha ushirika, na kwa kweli (uniwie radhi) upande ule niliusoma kwa hamu kuliko upande wako. Hayo ndiyo maandishi yanayoandikwa Tabora kila siku: mihtasari ya vikao, taarifa za vyama vya tumbaku na vya wafuga nyuki, hati za mauziano, matangazo ya minada, barua za kuomba kazi. Kila toleo lichukue karatasi moja ya namna hiyo, liichapishe ilivyo baada ya kufuta majina, kisha liitengeneze mbele ya macho ya msomaji, sentensi kwa sentensi.

Tazama muhtasari wenyewe. Tangazo lililobandikwa juu yake linasema "Mahari pa mkutano ni ofisi ya kijiji." Herufi moja imekosewa, na mkutano umetolewa posa. Ungeweza kuandika ukurasa mzima juu ya r na l kwa mfano huo mmoja, nao ungekumbukwa kuliko orodha ya maneno 30. Lakini kosa kubwa liko chini zaidi, mahali ambapo tahajia ni safi kabisa: "Ilikubaliwa kwamba suala la mizani lishughulikiwe." Lishughulikiwe na nani, lini, kwa namna gani? Kauli ya kutendwa imemficha mtenda, na neno "suala" limeficha tatizo lenyewe, hata msomaji asijue kama mizani imeharibika, imepotea au inapunja. Mkulima aliyepima tumbaku yake juu ya mizani hiyo hana sentensi ya kumshika mtu nayo. Linganisha na hii: "Mkutano ulimwagiza mweka hazina aipeleke mizani kwa Wakala wa Vipimo ikahakikiwe kabla ya tarehe 15 Aprili, na kuleta taarifa katika kikao kinachofuata." Hapo umefundisha kauli ya kutendwa, uteuzi wa maneno na mpangilio wa sentensi, mambo ambayo ulikwisha kuyafundisha yote, ila sasa yana mwenyewe.

Zingatia tahadhari mbili. Karatasi ya mtu usiitumie bila ridhaa yake, na ubadilishe majina, kijiji na kiasi cha fedha. Hati inayohusu mgogoro ulioko kwenye baraza la ardhi iache kabisa.

Kuhusu hadithi na mashairi, umeniambia mwenyewe kwamba hujaandika hadithi tangu ulipotoka chuoni. Mwachie anayeandika.

Mageuzi yenyewe yafanye polepole. Jina la safu na nafasi yake katika ukurasa visibadilike. Tangaza nia yako kwa aya moja tu, kisha kwa matoleo matatu changanya ya zamani na mapya. Kipimo ni idadi ya karatasi utakazoletewa. Gazeti la Mambo Leo, lililoanza kutoka Dar es Salaam mwaka 1923, lilitoa nafasi kwa barua na mashairi ya wasomaji wake, nao wakaliona kuwa lao. Ikiwa baada ya matoleo sita hujaletewa karatasi hata moja, basi nitakuwa nimekuelekeza vibaya, na uniandikie tena.

Makala za zamani zinazofanana ziunganishe. Zilizo bora zinaweza kuwa kitabu kidogo, lakini kwanza pata kwa maandishi ridhaa ya mwenye kijarida, ili pasizuke ubishi juu ya hakimiliki. Namba ya ISBN, yaani ya kukitambulisha kitabu, hutolewa na Bodi ya Huduma za Maktaba Tanzania. Zenye makosa zisahihishe hadharani. Mwaka 2016 ulisisitiza kwamba "rafiki wangu" ndiyo sahihi kwa kuwa rafiki ni kiumbe hai. Kitenzi na kivumishi ndivyo vinavyofuata uhai: rafiki mwema amefika. Nomino za namna hii zinazotaja undugu na uhusiano hubaki na vimilikishi vya ngeli ya I-ZI, kama tunavyosema baba yangu na dada zangu, na kwa hiyo ni rafiki yangu.

Muhtasari ule wa mizani nimekurudishia pamoja na jibu hili, nikiwa nimeutia alama kwa penseli. Katibu wake akiridhia, anza nao.