Betri Mpya, Injini Bado Nzito

SWALI: Fundi, salamu. Gari langu ni la petroli, lenye injini ya silinda nne. Kwa muda wa mwezi mmoja sasa, kila ninapopiga stata asubuhi injini inazunguka kwa uzito, na siku nyingine inakaribia kusimama kabla haijawaka. Nilinunua betri mpya, na kwa siku kama kumi hivi gari liliwaka vizuri, kisha hali ikarudi ileile. Nimepima betri kwa mita nikapata volti 12.6. Fundi mmoja ananiambia stata, ile mota inayozungusha injini, imekufa, mwingine anasema ni altaneta, ile inayochaji betri. Sitaki kununua kifaa kingine kwa kubahatisha. Nianzie wapi?

JIBU: Ndugu msomaji, umefanya vyema kusimama na kuuliza kabla ya kutoa fedha tena. Katika barua yako umetaja mambo mawili ambayo ningeyashika kwanza: zile volti 12.6, na zile siku kumi za nafuu.

Betri ya kawaida ya gari iliyojaa na kupumzika husoma takriban volti 12.6. Ikisoma 12.4 imebaki na kama robo tatu ya chaji yake, 12.2 ni nusu, na 12.0 ni karibu robo. Sharti ni kwamba iwe imepumzika kweli, kwa sababu ukipima mara tu baada ya kuendesha, mita itakuonyesha namba kubwa kuliko hali halisi. Washa taa kubwa kwa dakika mbili, zizime, subiri dakika chache, kisha pima. Ikiwa hata hivyo asubuhi unapata 12.6, basi altaneta haina kosa kubwa, kwani altaneta isiyochaji haiwezi kukuachia betri iliyojaa. Kwa kujihakikishia, pima tena injini ikiwa inanguruma: magari mengi husoma kati ya volti 13.8 na 14.7.

Lakini betri iliyotulia haijaulizwa swali lolote. Stata ya injini kama yako huvuta ampea 100 hadi 200 kwa mara moja, na ni wakati huo tu ndipo udhaifu hujitokeza. Kwa hiyo kipimo chenye thamani ni kile kinachochukuliwa wakati mtu mwingine anapiga stata. Toa kwanza fyuzi ya pampu ya mafuta ili injini isiwake, weka gia huru, vuta breki ya mkono, na usipige stata zaidi ya sekunde tano kwa mara moja. Gusisha ncha za mita kwenye vichwa vyenyewe vya betri, si kwenye vibanio vya nyaya. Hali ya hewa isipokuwa ya baridi kali, volti zisishuke chini ya 9.6. Zikishuka hadi 8 au 7, ama betri hiyo ina kasoro ingawa ni mpya, ama stata inavuta umeme kupita kiasi. Zikibaki 10.5 au zaidi huku injini ikizunguka kwa kujivuta, betri inatoa nguvu yake yote inavyopaswa, ila nguvu hiyo inapotea njiani au ndani ya stata yenyewe.

Hapo ndipo zile siku kumi zinapopata maana. Aliyekufungia betri mpya alilazimika kufungua vibanio, bila shaka akavikwangua, akavikaza upya. Yawezekana kabisa kwamba gari lilipona kwa kule kukwanguliwa na kukazwa, wala si kwa betri. Mimi mwenyewe nimewahi kubadilisha betri nzima ya mteja, na baada ya wiki mbili nikagundua kwamba kilichokuwa kibovu ni kipande cha waya kisichozidi urefu wa mkono. Tangu siku hiyo huwa nahesabu nyaya na maungio kuwa vifaa kama vifaa vingine.

Fikiria hesabu hii ndogo. Uchafu kwenye ungio moja ukileta ukinzani wa omu 0.01 tu, kiasi ambacho mita nyingi za kawaida haziwezi kukisoma, ampea 150 zikipita hapo zinapoteza volti 1.5. Taa za ndani hazitakuonyesha lolote, kwa sababu zinatumia umeme kidogo, redio italia kama kawaida, lakini stata itakuwa imenyang'anywa sehemu kubwa ya nguvu zake. Nguvu hiyo inageuka joto, wati 225 kwenye eneo lisilozidi ukucha. Ndiyo maana njia ya zamani bado inafaa: mwenzako akishapiga stata mara mbili au tatu, mwambie aache, kisha uguse kwa uangalifu kila ungio. Lile lenye joto kuliko mengine ndilo lenye ugonjwa.

Kwa mita utapata jibu la uhakika zaidi. Weka ncha moja kwenye kichwa cha chanya cha betri na nyingine kwenye skrubu nene ya stata inayopokea waya huo, kisha stata ipigwe. Mita sasa inasoma kile kinachopotea katika upande wa chanya, na kisizidi volti 0.5. Halafu fanya hivyo upande wa ashi, yaani njia ya umeme kurudi kwenye betri kupitia chuma cha gari: ncha moja kwenye kichwa cha hasi, nyingine kwenye chuma kisafi cha injini au ganda la stata. Hapa kisizidi 0.3. Ukipata 1.5 au 2, umeshamkamata mwizi, na kilichobaki ni kusogeza ncha ya mita kutoka ungio hadi ungio mpaka uone namba inaporuka.

Kwa gari lenye dalili kama zako, mimi ningeutilia shaka upande wa ashi kabla ya upande mwingine wowote. Waya unaounganisha injini na bodi hukaa chini, penye maji, oili na mtikisiko, na hakuna anayeukumbuka. Kuna njia nyepesi ya kuujaribu: chukua waya mnene wa kuazimia moto, bana upande mmoja kwenye kichwa cha hasi na mwingine kwenye chuma kitupu cha injini, mbali na feni na mikanda. Injini ikizunguka kwa kasi ghafla, stata yako ni nzima na usiruhusu mtu aifungue.

Unapokwenda kusafisha, fungua hasi kwanza na uifunge mwisho, ili spana ikigusa bodi kwa bahati mbaya isilete cheche kubwa. Kwangua kichwa cha betri, sehemu ya ndani ya kibanio, na pia pale ashi inapokaa kwenye bodi, mpaka chuma king'ae. Rangi na kutu ni kizuizi sawasawa. Waya uliovimba au wenye unga wa kijani chini ya ganda lake usisafishwe, ubadilishwe.

Pande zote mbili zikiwa safi na injini bado nzito, sasa ndiyo zamu ya stata: kaboni zilizokwisha, yaani vile vipande vinavyopitisha umeme kwenye sehemu inayozunguka, au bushi zinazoshikilia mhimili wake zilizolika kiasi kwamba sehemu inayozunguka inasugua ganda, jambo ambalo mara nyingi huzidi injini ikiwa ya moto. Nadra zaidi, injini yenyewe huwa imekaza. Toa plagi, uizungushe kwa spana kwenye nati ya puli ya kranki. Ikigoma, acha kabisa kupiga stata.

SWALI: Fundi, langu halizunguki hata kidogo. Nasikia "ta" moja, kisha kimya. Wakati mwingine linasema "ta-ta-ta-ta" mfululizo. Je, ni ugonjwa mmoja?

JIBU: Mara nyingi si mmoja. Washa taa kubwa usiku au penye kivuli, kisha piga stata ukiziangalia. Mlio wa mfululizo huku taa zikififia ni dalili ya betri iliyoishiwa au kibanio kilicholegea: solenoidi, ile swichi ya sumaku ya stata, inavuta, volti zinaanguka, inaachia, inavuta tena. Anza na chaji na maungio kama nilivyoeleza hapo juu. Mlio mmoja huku taa zikibaki kali unaelekeza kwenye stata, ama kontakti za solenoidi zilizoungua, ama kaboni zilizokwisha. Mlio mmoja na taa zikazama kabisa ni umeme unaovutwa lakini kitu hakigeuki, na hapo kagua kwanza kama injini inazungushika kwa mkono.

Mafundi wengi hugonga ganda la stata kwa nyundo ndogo, na gari huwaka. Ni kipimo kizuri, kwani mara nyingi kinaonyesha kwamba kaboni hazigusi tena ipasavyo, lakini si tiba. Likikuwakia kwa namna hiyo, nenda moja kwa moja kwa fundi umeme, wala usilizime njiani.