Ushongo na Pangani: nenda, ila panga safari kwa kufuata maji

Mleta mada ameuliza mambo mawili. Kwanza, kama Ushongo, kile kijiji cha ufukweni kusini ya Pangani, mkoani Tanga, kuna cha kumkalisha mtu siku tatu nne zaidi ya kulala mchangani. Pili, kwa nini mji wa Pangani, wenye majumba ya mawe makubwa namna ile, uko kimya kama umehamwa. Wengi mmejibu la kwanza kwa picha za jua likizama baharini. Wakuu, Ushongo inatazama mashariki. Jua linachomoza baharini na kuzama nyuma ya minazi, kwa hiyo picha hizo mmezitoa kwingine.

Nimeishi Pangani kikazi miaka kadhaa na ukweni kwangu ni Bweni, ng'ambo ya mto. Nitajibu yote mawili, nikianza na la pili, kwa sababu ndilo linaloeleza kwa nini Ushongo imebaki ilivyo.

Katika karne ya 19 Pangani ilikuwa na kelele zake. Misafara kutoka Kilimanjaro na Umasaini ilifuata bonde la mto hadi hapa, ikileta pembe za ndovu na watumwa. Kandokando ya mto Waarabu wa Omani walikuwa na mashamba ya miwa yaliyolimwa na watumwa hao hao, na sukari ya Pangani ikivushwa hadi Unguja na mbele yake. Burton na Speke, wale wavumbuzi wa Kiingereza, walipita mwaka 1857. Haya majumba yenye milango ya nakshi unayoyaona sasa rangi imebabuka na miti inaota ukutani ni ya fedha za wakati ule na za Wajerumani waliofuata.

Kilichotokea Agosti 1888 mtoto yeyote wa shule ya Tanzania amekisoma kwa aya moja, lakini ukiwa pale forodhani kinaeleweka vingine. Sultani Khalifa bin Said alikuwa amesaini mkataba mwezi Aprili mwaka ule, akaiachia kampuni ya Kijerumani usimamizi wa pwani na ushuru wake. Mtu wa kampuni aliyepelekwa Pangani alikuwa Emil von Zelewski. Akataka bendera ya kampuni ipandishwe, liwali wa Sultani akakataa, askari wa majini wakashushwa kutoka melini. Yote yakaangukia siku za Idi ya kuchinja, na kilichowachoma watu kuliko bendera ni habari ya Wajerumani kuingia msikitini na mbwa. Haukupita muda mji ukawaka, na vita vikaenea Mrima nzima, yaani pwani yote hii inayotazamana na Unguja. Aliyeviongoza kwa upande wa huku, Abushiri bin Salim al-Harthi, hakuwa mgeni: alikuwa na shamba lake la miwa karibu na Pangani. Alipigana hadi Bagamoyo na Mpwapwa, akaja kukamatwa, na tarehe 15 Desemba 1889 akanyongwa hapa hapa Pangani. Zelewski alinusurika Pangani ili auawe Lugalo, karibu na Iringa, mwaka 1891 na jeshi la Mkwawa, mtawala wa Wahehe. Ndiye yule Wahehe waliyemwita Nyundo. Watu wengi wanaijua Lugalo bila kujua kwamba kisa cha mtu huyu kilianzia mdomoni mwa mto huu.

Lakini vita havikuua biashara ya Pangani. Kilichoiua ni mchanga na reli. Mdomo wa mto una fungu la mchanga ambalo meli kubwa haiwezi kulivuka, wakati Tanga ina ghuba yenye kina. Wajerumani walipoanza kujenga reli ya Usambara mwanzoni mwa miaka ya 1890 waliianzishia Tanga, na ilipofika Moshi mwaka 1911 hapakuwa tena na sababu ya mtu wa Kilimanjaro kuteremka kwa miguu hadi Pangani.

Pangani ikabaki na mkonge. Hapa kuna jambo ambalo watalii hulipita bila kujua. Ukivuka kwenda Bweni na kushika barabara ya Ushongo, unakatiza eneo la Kikogwe. Mwaka 1893 Dkt. Richard Hindorf aliagiza miche 1,000 ya mkonge kutoka Florida. Iliyofika ikiwa hai ni 62 tu, na ikapandwa Kikogwe. Kutokana na hiyo 62 nchi hii ilikuja kuwa ya kwanza duniani kwa mkonge, ikitoa zaidi ya tani 200,000 kwa mwaka mwanzoni mwa miaka ya 1960. Halafu kamba za plastiki zikaingia sokoni, bei ikaanguka, mashamba mengi yakarudi kuwa vichaka. Mwambie dereva wa bodaboda asimame dakika mbili. Hakuna kibao kinachokueleza lolote la maana, ni mistari ya mkonge tu na vumbi jekundu.

Kwa hiyo mkuu, ukimya unaouona ni wa mji ambao biashara iliuhama mara mbili. Ndiyo sababu kilomita zote zile za mchanga kutoka Bweni kushuka kusini hazikujengwa ukuta wa mahoteli.

Sasa Ushongo. Ni kijiji cha wavuvi, nyumba za makuti na udongo na siku hizi bati, mwendo wa kilomita 15 hivi kutoka kivuko. Hoteli zipo chache, nyingi ni banda za makuti zilizotawanyika chini ya minazi, na kati ya hoteli na hoteli kuna ngalawa zimepandishwa mchangani na wanaume wanashona nyavu. Hakuna disko wala duka la nguo za ufukweni. Anayetaka shamrashamra aende Nungwi, kule Unguja, hatakosea. Kijiji ni cha Waislamu na watu wake ni wapole, ila ukitoka ufukweni kuingia mitaani jifunge kanga au vaa shati. Hakuna atakayekusema usipofanya hivyo, na ndiyo maana inafaa ufanye.

Wageni wengi huharibu safari yao kwa kutojua maji. Bahari yetu inapanda na kushuka mita tatu na zaidi wakati wa bamvua, yaani siku zile za mwezi mwandamo na mwezi mpevu. Katika siku hizo pwani ya Tanga maji hupwa sana kuanzia saa nne hivi za asubuhi, na hujaa alasiri kama saa kumi. Wakati wa maji mafu, wiki inayofuata, mambo hugeuka: tofauti ya kujaa na kupwa ni ndogo, na saa za kupwa husogea hadi alasiri. Mtu anafika siku ya bamvua, anaamka, anakuta bahari imekwenda zake mbali huko, anaandika mtandaoni kwamba Ushongo hakuna pa kuogelea. Angesubiri hadi saa nane tu.

Mimi huwaambia watu waje siku za bamvua kwa makusudi, kwa sababu ya Maziwe.

Maziwe ni kisiwa, au tuseme kilikuwa kisiwa, kilomita nane hivi kusini mashariki ya Pangani. Kilitangazwa kuwa hifadhi mwaka 1975 kwa sababu hapakuwa na mahali Tanzania palipopendwa na kasa kwa kutaga kama pale, aina tatu zote zikipanda mchanga mmoja. Wakati huo kilikuwa na miti, mivinje mikubwa. Miaka michache baada ya kutangazwa hifadhi, miti ikaisha, mchanga ukaliwa na bahari, na kufikia mwanzo wa miaka ya 1980 kisiwa kikawa kinafunikwa kabisa maji yanapojaa. Wapo wanaolaumu ukataji miti na wapo wanaolaumu bahari yenyewe. Mimi naona yote mawili yalisaidiana, maana mchanga usio na mizizi hauna wa kuushika.

Leo unachokwenda kukiona ni fungu jeupe linaloibuka katikati ya bahari kwa saa chache kisha linazama. Miamba yake ya matumbawe ipo na samaki wapo. Mtu akivaa miwani na mrija wa kupumulia anaona mengi bila kuzamia, na njiani mara nyingi pomboo hufuatana na boti. Kwa kuwa siku za bamvua maji hupwa asubuhi, mnaondoka saa mbili au tatu, mnakuta mchanga umeanza kutoka, mnakaa hadi maji yanapoanza kuwafukuza, na mkirudi Ushongo mnakuta bahari imejaa mbele ya banda lenu. Siku za maji mafu fungu hutoka kidogo, na kwa saa mbaya. Nahodha mzuri atakwambia mwenyewe. Anayesema "siku yoyote tu, bosi" mwache aende na wengine.

Mambo madogo ya Maziwe: hakuna kivuli hata cha fimbo, kwa hiyo uliza kama boti ina turubai. Kuna kiingilio cha hifadhi mbali na bei ya boti, dai risiti. Matumbawe usiyakanyage, yanakua polepole mno. Kama mko wawili, ulizieni wageni wengine kijijini mchange boti moja, maana bei huwa ya boti si ya mtu.

Kasa nao hawajakihama kisiwa. Bado wanapanda kutaga pale, na mayai yakiachwa yatazama bamvua ya kwanza. Ndiyo maana kuna watu wa kijiji wanaoyahamisha na kuyafukia upya kwenye ufukwe wa Ushongo, juu ya mstari wa maji. Baada ya siku 50 hadi 60 vitoto hutoka na kuteremka baharini, na ukibahatika kuwepo unaruhusiwa kutazama. Kwa mimi hili ndilo jambo la Ushongo ambalo huwezi kulipata kwa kukaa hotelini ukisubiri. Uliza mara tu ukifika kama kuna kiota kinachokaribia. Mwanga wa simu na kamera weka mbali, vitoto hufuata mwanga na vikiona wako vitaiacha bahari. Jambo la ajabu ni kwamba joto la mchanga ndilo linaloamua jinsia: mchanga wa moto hutoa majike, wa baridi madume. Kwa hiyo hata mahali pa kuyafukia mayai panachaguliwa, kivulini au juani.

Mengine nitayapitia haraka. Mtoni unaweza kukodi boti ya alasiri kutoka Pangani kupanda juu kati ya mikoko na minazi. Mamba wapo, usitie mkono majini. Mjini tembea kwa miguu asubuhi, na umchukue kijana wa mji akutembeze, kwani majumba mengi hayana maandishi na bila mwenyeji utaona kuta tu. Utasimuliwa kwamba chini ya misingi ya boma walizikwa watumwa wakiwa hai ili jengo lisimame. Ni simulizi ya wazee, isikilize hivyo. Kusini kuna Saadani, hifadhi ya taifa tangu 2005, ambako mbuga inafika hadi baharini. Kutoka Ushongo inawezekana kwa siku moja ila ni siku ndefu, na masika barabara hugeuka uji. Ukija kutoka Tanga, simama Tongoni, kama kilomita 20 kutoka mjini: msikiti wa kale uliobomoka na makaburi yapatayo 40, mengine yenye nguzo. Vasco da Gama alipita maji yale mwaka 1498, na mwaka uliofuata akirudi akaichoma moja ya meli zake huko huko kwa kukosa mabaharia wa kutosha. Nusu saa inatosha, na mara nyingi utakuwa peke yako.

Majira: kuanzia Oktoba hadi mwanzo wa Machi, matlai na kaskazi, maji huwa masafi na bahari tulivu zaidi. Kusi, katikati ya mwaka, upepo unavuma kweli na safari za Maziwe huahirishwa, ila kuna baridi nzuri na vyumba vipo. Aprili na Mei, wakati wa masika, achana nayo.

Usafiri: kutoka Tanga ni kama kilomita 50 hadi Pangani, kisha unavuka mto kwenda Bweni. Daraja la mita 525 linalojengwa juu ya mto huo ndilo litakaloua kivuko. Shemeji zangu wanalisubiri kwa hamu, na wana haki; mgonjwa wa usiku hangoji kivuko. Toa pesa Pangani mjini kabla ya kuvuka, ukifika Ushongo ni taslimu au pesa za simu.

Kuna aliyeuliza juu ya viwanja vya ufukweni kabla daraja halijapandisha bei. Ndugu, sheria ya mazingira ya 2004 inazuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ufukweni, na ardhi ya kijiji haiuzwi na mtu mmoja kwa karatasi ya daftari, hata aje na mashahidi watano. Nenda serikali ya kijiji, ombi lako lisomwe kwenye mkutano mkuu, kisha halmashauri ya wilaya. Na kabla ya kulipa chochote, panda boti uende Maziwe ukawaulize wavuvi mivinje ilisimama wapi.