Maswali ya Wasomaji: Kinga ya Amri ya Kufuta Faili

Swali: Bwana Mhariri, ninatunza seva ya rekodi katika redio ndogo hapa Goma. Mwenzangu alikusudia kufuta faili za .wav peke yake, lakini akaandika `rm * .wav`, na faili zote za folda hiyo zikatoweka, hata za mp3. Sasa tumeweka `alias rm='rm -i'` katika .bashrc, faili ya mipangilio ya sheli. Je, inatosha?

Jibu: Poleni sana kwa hasara hiyo. Iliyowaponza ni nafasi moja kati ya kinyota na .wav. Sheli, yaani programu inayopokea amri zenu, hukigeuza kinyota kuwa majina ya faili zote zilizomo kabla rm haijaanza kazi; kwa hiyo rm ilipokea orodha nzima, ikaifuta bila kuuliza, kisha ikalalamika kwamba faili iitwayo .wav haipo.

Alias mliyoweka, yaani jina la mkato linaloifanya rm iulize kabla ya kufuta kila faili, inasaidia pale tu mtu anapoandika rm kwa mkono wake. Haifuati amri inayotanguliwa na sudo (ruhusa ya msimamizi mkuu), haisomwi na skripti (faili ya amri zilizoandikwa tayari), na anayeongeza -f huizima. Linalonitia hofu zaidi ni mazoea: anayeulizwa kila mara hujibu "y" bila kusoma, na aliyezoea kuulizwa ataandika rm bila woga siku atakapoingia kwenye seva nyingine isiyo na alias hiyo.

Kwa sababu hiyo ningependelea rm ibaki kama ilivyo, na kinga ipewe jina lake. Wekeni programu ya trash-cli, kisha mwandike `alias tupa='trash-put'`; faili itahamia kwenye pipa la taka, na `trash-restore` itairudisha. Kwenye mashine isiyo na alias hiyo, neno tupa litakataliwa tu, wala hakuna kitakachopotea. Asiyetaka kuiacha rm atumie `rm -I`, yenye herufi kubwa, ambayo huuliza mara moja tu mtu anapofuta faili zaidi ya 3 au folda pamoja na vilivyomo.

Ongezeni pia `set -o noclobber` katika .bashrc, kwa kuwa alama ya > inayoelekeza matokeo ya amri kwenye faili nayo hufuta yaliyomo katika faili iliyopo bila onyo lolote.

Rekodi ambazo hazitabadilishwa tena, kama zimo kwenye diski ya ext4 (mfumo wa kupanga faili wa Linux), zifungeni kwa `sudo chattr +i`: hata msimamizi mkuu hataweza kuzifuta mpaka aondoe kufuli hilo kwa `chattr -i`. Hata hivyo, kufuli hilo haliokoi diski iliyoharibika, kwa hiyo nakala kwenye diski ya nje bado inahitajika.